Jumapili Ulipojibu Kutoka Mtumbwini

Mpendwa mama,

Mpaka leo sijazoea. Hapa kijijini Wamaza, nikiwa shambani na jembe mkononi, ile Jumapili ya mto Lualaba hunirudia, nami husimama tu kama mtu aliyeitwa.

Kaka Deo alikuwa ametoka kununua mtumbwi wake wa mota. Kabla haujaanza kubeba mizigo ya watu, alitaka kuwatembeza wazazi wake siku nzima. Tukashuka kwa pikipiki hadi Kasongo, kisha mtoni. Baba alivaa shati lake la kanisani. Wewe ulikataa kupanda. Tukakucheka, tukasema mama ni mutu wa muhogo na karanga, maji atayajulia wapi. Mwishowe ulipanda, ukakaa katikati, umeshika mbao pande zote mbili.

Deo aliuacha mkondo mkubwa akapita katika vijia vya maji kati ya visiwa, ambako matete yalitugusa mabega. Tulikula sombe ya majani ya muhogo na samaki, sahani mapajani. Baba aliimba. Nawe ukaachia mbao mkono mmoja.

Kisha tukapita karibu na kambi ya wavuvi. Mwanamke aliyekuwa akianika samaki akatusalimu kwa luga ya watu wa mtoni. Hakuna kati yetu aliyeielewa. Wewe ukajibu.

Wala halikuwa neno moja. Ulisimama, mtumbwi ukayumba, ukaongea haraka haraka, kwa sauti nyembamba ambayo sikuwahi kuisikia kinywani mwako. Mimi niliyelelewa mgongoni mwako, niliyefundishwa nawe Kibangubangu na Kiswahili, nilikutazama kama mgeni. Deo akazima mota.

“Mama Deo,” baba akasema, “unasema luga gani ile?”

Hukumsikia. Ulikuwa ukitaja jina fulani, mara ya pili sasa, kama anayeuliza. Yule mwanamke akaacha kapu lianguke. Akaingia majini hadi kiunoni.

“Mwayuma?” akasema. “Mwayuma?”

Ukaitika. Sisi tulikujua kwa jina la Feza.

Ufukweni mlikumbatiana mkakaa chini kwenye tope. Alikuwa mdogo wako, tumbo moja. Ulitueleza kwa vipande: mtumbwi wa mama yenu ulipinduka mkiwa watoto, mkondo ukakupeleka mbali, wachuuzi waliokuwa wakirudi Kabambare wakakuokota, wakakulea, wakakupa jina lao. Baba alisimama kando, viatu mkononi.

“Kumbe nilioa nani?” akauliza.

“Ni mimi huyu huyu, baba Deo. Walionilea waliniambia watu wetu wote walimalizika ku maji. Ningekuonyesha nini?”

Tulirudi nyumbani. Kwa muda mrefu baba alikula bila kukutazama. Nami nilipoita “mama”, nilingoja kidogo, kana kwamba sijui ni nani atakayeitika. Nilikuwa na maswali mengi, mama, na kila nilipofungua kinywa nilikuta machozi.

Sasa umeondoka. Siku ya kilio cha msiba wako, mama mdogo alifika kwa pikipiki, amejaa vumbi, akaingia uani akilia, “Mwayuma, Mwayuma.” Wanawake wa hapa wakatazamana. Mmoja akasema, “Huyu mama amekosea kilio. Mwayuma ni nani?”

Baba alikuwa ameketi mkekani tangu asubuhi. Akainuka, akamshika shemeji yake mkono.

“Hajakosea,” akasema. “Mwayuma ni bibi yangu, mama Deo. Mumupatie kiti.”

Mama, bado nashtuka. Lakini mama mdogo ananifundisha luga yenu. Ulimi wangu ni mzito, naye hunicheka hadi anafuta macho. Pumzika na majina yako yote mawili.

Mimi,
mtoto wako wa mwisho