Mishale yangu na nyani wa shambani

Kalembe, Jumanne

Hata leo, baada ya kazi ya ofisi, mishale niliyolenga alama kwenye mgomba imetawanyika ovyo. Nyani wanamaliza maharagwe ya Mama, na bunduki hatuthubutu: mlio mmoja tu, kijiji kizima kinakimbilia msituni kikidhani tumevamiwa. Ndiyo maana nahangaika na upinde huu wa kifyatulio. Nimebadilisha manyoya, nimenyoosha mishale, bure!

Dada yangu Furaha alicheka. “Kaka, mishale haina kosa. Njo weye unafunga macho mbele ya kufyatua!”

Iliniudhi, kwa sababu ni kweli. Naogopa hata mlio wa kamba.

Nikajilazimisha kutazama. Mishale mitatu ikachoma mgomba mahali pamoja, lakini mbali na alama.

“Sasa ambia nyani isimame pale!” Furaha akanitania.

Nimesogeza kilengeo cha upinde. Kesho alfajiri naingia shambani.