Kukiinamia Kinyago

Jumatatu, 9 Juni

Nimeharibu! Nilidhani Mama kalala. Nikaweka kinyago cha mazoezi mezani, nikakiinamia kabla ya kukivaa, kama Mwalimu Hisako anavyotaka. Nageuka — Mama huyo mlangoni na chai yake. Atupele! kafoka. Sanamu? Kwenye nyumba niliyoiombea jana?

Nikamweleza. Ni mchezo wa noh, wa Kijapani, wa kale. Mwigizaji huinama kwanza kwa sababu anaazima uso. Nikikupigia goti wewe kukuamkia, nakuabudu?

Mimi nimekuzaa, kasema. Hicho kimemzaa nani?

Vicky, binti yangu, kacheka mpaka nikamtolea macho.

Jumatano, 11 Juni

Baridi ya Quakers Hill, huku ughaibuni, leo acha tu. Na ndani ni zaidi. Mama kasema Jumamosi haji kwenye onyesho langu, mpaka niache kuinama. Na mchezo wenyewe ni wa mama anayemtafuta mwanawe aliyepotea! Muda wote wa mazoezi namfikiria yeye, alivyokuwa peke yake Tukuyu kabla hajaja kwetu, akisubiri simu yangu.

Nimemwomba Mwalimu niruke kuinama, mara hii tu. Hakukasirika. Halazimishwi mtu, kasema — ila asiyekisalimu hakivai. Atacheza mwingine. Nimelia kwenye treni, watu wakiniona.

Alhamisi, 12 Juni

Mazoezi. Nimekiinamia tena, nikakivaa. Matundu ya macho madogo mno — naona nguzo ya jukwaa, basi. Ukiinamisha uso kidogo, kinyago kinalia. Ukiinua, kinatabasamu. Mti uleule! Laiti Mama angeona.

Jumamosi, 14 Juni

Chumba cha kioo, nyuma ya pazia la jukwaa, ambamo mwigizaji huvaa kinyago. Nimeshavishwa.

Mama kaja, ingawa sikuacha kuinama! Vicky kamleta huku nyuma, na viatu kavua kama wengine. Mwalimu kamwinamia mpaka chini. Mama naye, na adabu zake za Tukuyu, akapiga goti. Wazee wawili, hakuna anayetaka kuwa wa kwanza kuinuka. Ningecheka kama si hofu.

Mwalimu kainuka mwishowe, kaniwekea kinyago mbele. Chenyewe sasa, cha ukoo wake. Mama anakitazama. Kauliza kina umri gani. Mwalimu kajibu: kilichongwa kabla bibi yake hajazaliwa.

Ngoma zinajaribiwa.

Kumbe huyu ndiye mkubwa wetu humu, Mama kasema polepole, macho kwenye kinyago. Hajaniambia niiname. Hajanikataza.

Mwalimu ananiashiria, muda umefika. Mama bado kapiga goti, sasa kakielekea kinyago.