Kayaki Isiyotikisika

Baba watoto,

Chakula kiko jikoni. ~~Usikiguse.~~ Wapakulie watoto kwanza.

Gari nimeliacha, boneti imebonyea. Nimekwenda kazini kwa basi. Asubuhi nilipokanyaga breki kwenye zebra, kayaki yako, huo mtumbwi unaouringia, ilichomoka kwenye keria juu ya gari, ikateleza juu ya boneti hadi barabarani. Mama mmoja na mwanawe waliokuwa wanavuka wameponea chupuchupu.

Jana si nilikwambia kamba ya katikati haitoshi, funga na pua na mkia? Ukaipiga kayaki kofi, ukanicheka: "Acha woga, hii haitikisiki!"

Jirani amenisaidia kuirudisha, tukaiingiza sebuleni. Nimeifunga kwenye kochi lako: pua, katikati, mkia. Usithubutu kuifungua kabla sijarudi. Keti sakafuni.

Haya, ipige kofi sasa.

Mama watoto, yule mwoga