Nimemzika Shangazi Aliye Hai

Shikamoo Bi Mboni,

Mpendwa mshauri, nisaidie, na jina langu usilitaje, maana hapa Usagara gazeti lako linasomwa hata na wanaofungia maandazi. Nina miaka thelathini na nne, sina mtoto, nilikuwa na mume nitamwita Uweso, nyumba tuliijenga wote, saruji kwa kibali na foleni, maji ya kuchanganyia nikiyabeba mwenyewe, halafu mwaka jana biashara zilipoanza kufunguliwa akataka tuiuze apate mtaji wa duka la nguo, nikasema siuzi, akaniita mbishi, nikamwambia kama wewe mwanamume kweli niache, hasira zikampanda akaniacha, talaka moja, na eda ikaisha kila mmoja anamngoja mwenziwe aombe radhi.

Basi akahamia kwa kaka yake Ushongo, akafungua madai Mahakama ya Mwanzo, anataka nusu yake. Siku ya kwanza nilikwenda na hasira zangu, lakini karani alipomwita nikamwona anaingia, amekonda, shati limekatika kifungo, Bi Mboni, kifungo kile ni mimi ningekishona, na hakimu aliponiuliza kama niko tayari nikajikuta nasema siko tayari, shahidi wangu kasafiri. Kesi ikaahirishwa. Nilirudi nyumbani naimba.

Tangu hapo naishi kwa tarehe. Ya pili nikasema tumbo linanikata, ya tatu nikasema hati iko kwa mtu kule milimani Amani na mvua imekata barabara, na kila mara hakimu anamgeukia, "Mdai, una pingamizi?" naye anajibu, "Sina pingamizi, mheshimiwa," na sauti ile inanitosha mwezi mzima. Najua inambidi avuke mto kwa pantoni, asubiri basi ambalo siku nyingine halina dizeli, nami namhangaisha hivyo ili nimtazame nusu saa kwenye benchi la pili.

Tarehe ya nne nikaishiwa, nikasema shangazi yangu amefariki. Shangazi Zuwena, aliyenilea na ninayekaa naye, ambaye asubuhi ile nilimwacha anapepeta mchele! Nikasahau kwamba mtu wa kwetu akisikia msiba haulizi mmeachana au hamjaachana. Siku ya tatu hodi mlangoni, shangazi akafungua mwenyewe, na Uweso huyo, kanzu na kofia, mkononi kilo mbili za sukari, sukari hii ya kutafutwa kwa tochi, kaja kutoa mkono wa pole. Wakatazamana.

"Shikamoo shangazi," akasema, maana angesema nini?

"Marahaba. Sukari ya nani hiyo?"

"Ya msiba."

"Msiba wa nani?"

Alinitazama mimi niliyesimama nyuma ya pazia, akaiweka sukari kizingitini, akaenda zake. Shangazi alipojua akasema nimemchuria kifo, na mpaka leo hali chakula nilichopika mimi.

Tarehe ya tano hakimu akataka kibali cha mazishi. Nikajifanya napekua mkoba. Akamgeukia Uweso, "Mdai, msiba huu unaujua?" Akainuka akasema, "Mheshimiwa, nilikwenda mwenyewe kutoa pole." Basi, akakaa. Hakimu akasema hii ni mara ya mwisho, tarehe kumi na tisa mwezi ujao kesi itasikilizwa iwe iwavyo. Nje nilitaka kumshika mkono, nikaishia kumwambia safari njema, akasema ahsante.

Sasa jirani anasema anaweza kunipatia cheti cha daktari. Nikikipeleka huenda kesi ikasogezwa nikamwona mara moja zaidi, nisipokipeleka kesi itaisha na hatakuwa na sababu ya kuvuka mto. Namtamani, Bi Mboni, kanga niliyovaa siku ile ya sukari sijaifua. Nifanye nini?

Mimi wa Usagara, Tanga

*

Marahaba mwanangu.

Nimecheka, nikajuta kucheka, nikaisoma tena. Pole. Kumtamani mtu uliyemwambia kwa kinywa chako akuache ni adhabu, na ninaijua.

Ila cheti hicho usikiguse! Kuomba kesi iahirishwe ni haki ya mwenye udhuru, na wewe udhuru wako ni kifungo cha shati. Umemfikisha mwanamume yule mahali pa kupima maneno mbele ya hakimu, asiseme uongo na asikuumbue. Alikusitiri. Usimsimamishe tena pale.

Kwa shangazi nenda leo, ukapige magoti. Usijieleze. Akikwambia toka, kaa hapo hapo mpaka achoke kukufukuza.

Sasa tuje kwenye hiyo "sina pingamizi" uliyoigeuza kasida. Nyumba anakaa nani? Wewe. Kila tarehe ikisogezwa anayechelewa ni nani? Yeye. Mtu mwenye haraka ya nusu yake angepinga tangu lile tumbo lako, na sukari angekunywa na kaka yake. Huenda ana lake moyoni. Huenda pia ni mtu mwema tu, amechoka. Mimi sijui, wala wewe hujui, kwa sababu tarehe zote tano mmekutana na mazungumzo yenu yote ni safari njema na ahsante. Ulimi uliokuwa mwepesi wa kudai talaka leo umeingiwa na nini?

Usingoje tarehe kumi na tisa. Mwandikie barua, fupi kuliko hii yangu, uipitishe kwa kaka yake kwa heshima. Mwambie niliongopa ili nikuone, na ninataka urudi. Nyumba usiitaje humo. Akikubali, ujue eda imekwisha, hawezi kukurejea hivi hivi. Ni ndoa mpya, walii wako na mahari mapya. Hapo mtasimama wote wawili mumwambie hakimu mnaomba muda wa kupatana, na huo ndio udhuru atakaoupokea kwa mikono miwili.

Akikataa, siku ya kesi fika mapema, useme uko tayari, na haki yake umpe. Mali ya mtu haishikiliwi ili mwenyewe aje kutazamwa. Utalia, na ulie sana, mwanangu. Lakini atapanda pantoni akijua kwamba alitakwa.