Chuma cha Baba Mkwe Kina Ufa, Nami Nimeupaka Rangi

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako, na uniwie radhi kwa urefu wa barua hii kwa sababu sijazoea kuandikia magazeti. Mimi ni mwalimu wa muziki wa shule ya msingi hapa mashariki mwa Edmonton, umri wangu miaka arobaini na mmoja, na nimemwoa Larysa, binti pekee wa mzee Orest, fundi wa kuchomelea vyuma aliyestaafu lakini hajaacha. Kwa miaka kumi na moja mzee huyu hakuwahi kulitaja jina langu, hata mkesha wa Krismasi, vyakula kumi na viwili vya desturi yao vikiwa mezani na familia yote imekaa, yeye alikuwa akisema, "Mpitishieni yule wa filimbi maharage," nami nikipokea maharage na kushukuru.

Sasa majira ya kuchipua tulinunua pikapu yenye kile kibanda cha kulala kinachopakiwa mgongoni, na kama unavyovijua vibanda hivyo, chetu kimetokeza nyuma zaidi ya mita nzima, kwa hiyo ndoano ya gari imebaki chini huko gizani na tela la mashua haliwezi kuifikia mpaka uchomeke chuma cha kurefusha, jambo ambalo nililitaja mezani kwa mzee kwa kukosa la kusema tu, na baada ya wiki mbili akaingia uani kwangu amebeba begani chuma alichokitengeneza mwenyewe kwa bomba nene la mashine mbovu ya kupandia ngano, amekipaka rangi ya kijani kama trekta lake, na ubavuni ameandika kwa moto wa kuchomelea, herufi kubwa, GARTH. Akakiangusha chini akasema, "Haya, Garth. Sasa utavuta kama mwanamume." Nikamuuliza kama hakihitaji minyororo ya kukishikilia pembeni, maana nilikuwa nimesoma mahali. "Minyororo ni ya vyuma vya dukani," akasema. "Hiki kitatuzika sote." Larysa aliingia stoo ya chakula akalia, na siku hiyo mimi na mzee tulikunywa kahawa pamoja kwa mara ya kwanza, na sitaficha, nilifurahi hadi nikashindwa kulala.

Safari ya tatu, tukivuka reli karibu na Mundare, nilisikia tak, na tulipofika ziwani nikajilaza chini ya gari nikaona ufa mwembamba pembeni mwa mchomeleo, urefu wa kidole changu cha kati. Hapo ndipo nilipokosea, mshauri, kwa sababu badala ya kumwambia nilinunua lipu ya chuma na kopo la rangi ya kijani, nikauziba ule ufa nikaupaka mpaka hata mimi nikawa siuoni, kisha nikanunua kirefusho cha kiwandani chenye mabomba mawili na minyororo yake, na tangu hapo tukitaka kusafiri tunatoka nyumbani kwa mzee na chuma chake, yeye anasimama getini anatutazama, tukifika nyuma ya ghala la nafaka kilomita sita mbele ninasimama na kubadilisha. Larysa anajua kuhusu kubadilisha, kuhusu ufa hajui, anadhani mimi ni mwoga tu, na ameniambia, "Usithubutu kumwambia Baba. Ndiyo kwanza amejifunza jina lako."

Tatizo ni kwamba Julai mzee anataka kwenda nasi Jasper, kule milimani, atakaa kiti cha mbele, na nyuma ya ghala hatutaweza kusimama bila maelezo. Halafu pia amekuwa akikisifu kile chuma kwenye kahawa ya wazee, mpaka Bi Paquette jirani yake amemwagiza amtengenezee chake cha kuvutia tela la farasi wake wawili, kirefu kuliko changu kwa sababu kibanda chake ni kikubwa zaidi, na mzee atampelekea Jumamosi hii. Swali langu ni hili: nikikipaka kile cha dukani rangi ya kijani na kumtafuta mtu wa kuniandikia jina langu ubavuni, je, nitakuwa nimemkosea mzee?

Wako, Mkwe wa Filimbi.

JIBU

Mkwe,

Majina nimeyabadilisha kama ulivyoomba, ila jina lako la kwanza limebaki kwa sababu bila hilo barua haina maana. Lakini sijui tunamficha nani, maana wilaya hii ina mzee mmoja tu anayepaka kila kitu kijani.

Nianze na pole. Miaka kumi na moja ya kuitwa filimbi si mchezo, na mtu aliyenyimwa jina lake akilipata hulishika kwa mikono miwili. Nimekuelewa. Sasa pole imekwisha.

Umeandika ukurasa mzima juu ya kiti cha mbele na rangi ya kijani, halafu Bi Paquette ukampitisha kwa mstari mmoja, na farasi wake ndani. Wewe una chuma cha dukani. Mkeo yuko salama, mashua yako iko salama. Yule mama atafunga chuma kama kile kile, kirefu zaidi, mzigo mzito zaidi, atashuka nacho mlimani nyuma yake kuna familia za watu. Mtu pekee duniani anayejua kwamba chuma cha namna ile hupasuka ni wewe, na umeipaka rangi habari hiyo. Mficha maradhi kifo humuumbua, ila kwako ni kibaya zaidi, maradhi unayaficha wewe na kifo ni cha jirani.

Nami nimeendesha malori ya nafaka miaka ishirini na sita, kwa hiyo usidhani nasema ya kusoma. Ning'iniza ndoo ya maji kwenye ufagio, uushike mwisho wa mpini, uone mkono wako utadumu dakika ngapi. Unene wa bomba hauondoi urefu wake. Mzee wako si fundi mbaya. Amezoea majembe ya trekta, na hakuna aliyemrudishia habari kutoka barabarani. Kazi hiyo ilikuwa yako.

Usipake chochote kijani tena.

Chukua kile chuma chake, na lipu yake na rangi yake, uende nacho karakanani kwake. Usiende na Larysa, atalia, na mzee atapata kisingizio cha kumbembeleza yeye. Usitaje sheria wala usalama wala ulichosoma mahali. Mwekee chuma mezani, chukua tupa, kwangua rangi mbele yake mpaka ufa uonekane, useme, "Baba, kilipasuka kwenye reli, nami nikakuficha kwa sababu niliogopa utaacha kuniita jina langu." Kisha funga mdomo. Atavaa miwani. Atakutukana kwa lugha ya kwao, na baadhi ya hayo matusi ni yako kwa haki. Baada ya hapo, kama ni fundi kweli, atauliza ulikuwa na mwendo gani na uzito gani ulikaa kwenye ndoano. Kama hujui, mwambie hujui, mwende wote wawili kwenye mizani ya ghala mkapime. Kile cha Bi Paquette mkiache kiwe chuma chakavu.

Huenda akarudi kukuita wa filimbi. Utaitika. Ulipoamua kuoa binti wa watu hukuahidiwa jina.

Mambo mawili ya mwisho. Bi Paquette nimempigia simu mwenyewe, sikukutaja, nimemwambia tu asifunge chuma chochote kipya kabla hajaongea na aliyekitengeneza, na amekubali. La pili, ningeweza kuiweka barua yako kando, lakini kuna wengine huku wanavuta kwa vyuma vya uani, nao nataka walale chini ya magari yao watazame. Kwa hiyo imechapishwa. Gazeti hili hukufikia wewe mjini Ijumaa asubuhi. Kwenye sanduku la mzee hufika saa nane mchana, na wazee wote wa kahawa husoma ukurasa huu wakijidai wanatafuta bei ya ngano.

Una saa chache. Nenda akusikie wewe kwanza.