Mume Wangu Anatembea kwa Ajili ya Moyo, Anarudi Amejaa Chai

Mshauri mpendwa, nakusalimu kutoka Wamunyu na naomba unisaidie, ingawa najua shida yangu wengine wataicheka. Mume wangu Ndunda ni mchongaji, amekalia kigoda akichonga twiga tangu tuoane, ana sukari ya miaka mingi, na mwaka jana daktari wa Nairobi alituambia mishipa ya moyo wake imebanwa, akampa dawa za sukari, za presha, za mafuta ya damu, aspirini, na nyingine ya kuweka chini ya ulimi moyo ukibana, akasema upasuaji ungoje kwanza lakini huyu mtu atembee kila siku. Namshukuru Mungu, dawa anameza bila kusukumwa, tumbo limepungua, anapiga mluzi akichonga, tunacheka kuliko tulipokuwa vijana, kwa kweli nina raha nyumbani mwangu.

Shida ni huko njiani. Kwetu mtu hatembei bure. Kila anayemwona anauliza, "Ndunda, unaenda wapi?" naye akijibu, "Natembea tu," wanamwambia, "Kwani Mama Mumbua amekufukuza? Ingia ukunywe chai kwanza." Yeye hataki watu wajue ni mgonjwa, na kukataa hajui, basi anaingia, na chai ya huku unaijua, maziwa mengi na sukari mpaka midomo inanata, anatoka kwa Mutheu anaingia kwa Nzau, akirudi ameshiba mandazi. Kliniki wamesema sukari imepanda tena. Nikimwambia ananijibu, "Niko na marafiki, unataka nikuwe mtu wa kiburi?" Sasa nimzuie kutembea, au nimwache na chai yake? Juzi, kwa alivyonisimulia mwenyewe, hata kilima cha kwenda kwa Mutheu kilimshinda, alisimama ameshika taya, jasho linamtoka na asubuhi ilikuwa ya baridi, lakini kifua hakikumuuma, akasema ni uzee tu, na ile dawa ya ulimi ilikuwa kwenye koti la Jumapili, ndiko tunakoiweka isipotee. Nifanyeje?

Mama Mumbua, Wamunyu

Mama Mumbua, nilianza kusoma nikitabasamu, nikafika kwenye kilima nikaacha. Ukurasa mzima umeniandikia habari za chai, halafu moyo wa mumeo ukauweka mwishoni kama salamu za majirani! Usikubali kwamba huo ni uzee. Mtu aliyeishi na sukari muda mrefu, moyo wake unaweza kukosa damu na kifua kisiume hata kidogo. Unachoona ni jasho, taya kuuma, pumzi fupi, uchovu wa ghafla. Kwa hiyo kunja gazeti hili umpeleke hospitali leo, hata kama anapiga mluzi, na umweleze daktari kila ulichonieleza. Huenda dawa zibadilishwe, huenda ule upasuaji usingoje tena. Hayo ni ya daktari kuamua.

Dawa ya ulimi ikae kwenye kichupa chake, mfukoni mwa suruali aliyovaa. Koti la Jumapili haliugui moyo! Hali ile ikimrudia aketi papo hapo, aiweke chini ya ulimi, na dakika tano zikipita bila nafuu tafuteni gari, msianze kushauriana.

Sasa hiyo chai. Usimgombeze mume kwa sababu anapendwa, mama, wengi wananiandikia wakilia kwamba wao hawana hata wa kuwauliza wanakwenda wapi. Kosa lenu ni kuficha. Mutheu na Nzau wangejua, wangempa sukari? Nenda uwaambie wazi kwamba Ndunda ana sukari na moyo, na anayempenda ampe chai isiyo na sukari, bila mandazi. Hakuna aibu hapo.

Na daktari akisema anaweza kutembea tena, vaa viatu utoke naye. Barua yote sikuona mahali ulipotembea na mumeo. Watu wakiuliza mnaenda wapi, jibu wewe, tena kwa sauti: "Tunaenda kuzeeka."