Neno la kubomolea

Jeudi, Himbi

Hapana, sijutii. Kila lundi, mwanzo wa juma, mzee wetu wa kazini Papa Kambale alikuwa anajenga klasta yetu, kundi zima la seva, kwa mukono, hatua kwa hatua, kaye yake ya kuandikia hatua wazi kwenye meza. Vendredi, mwisho wa juma, alikuwa anaibomoa vilevile. Programu yangu inafanya yote kwa dakika tisa.

Leo shefu aliita wafanyakazi wote wa biro waone. Mbele ya kubomoa, programu inaomba neno la kuthibitisha. Neno nililichagua mimi. Ni jina la Papa Kambale.

“Papa Kambale, andika weye,” nilimwambia.

Watu walicheka. Aliandika jina lake kwa kidole kimoja, na seva zikazimika moja moja mpaka ekra ya kompyuta ikabaki tupu. Hapohapo shefu akamwambia asirudi kazini lundi.

Papa Kambale hakunigombeza. Aliuliza tu, “Mutoto yangu, ile kaye niliyokuazima, ulimaliza nayo?”

Nilijibu nimeitupa.

Iko hapa kwenye magoti yangu. Kila hatua ya programu yangu imo humu, kwa mwandiko wake, na naogopa shefu siku moja ataiona.

Kesho mama akitafuta karatasi ya kuwashia makala, nitamupa hii kaye.